Tunabishania bei ya lita, hatuhesabu lita tunazochoma

Mimi sinunui petroli kwa lita, nanunua kwa noti, na naamini wenye magari wengi hapa Nairobi hufanya hivyohivyo. Naingia kwenye kituo cha mafuta kando ya Eastern Bypass, nashusha kioo, nasema, "Weka ya elfu moja." Kijana wa pampu ananyoosha kidole kwenye tarakimu. "Iko ziro, bosi." Naitikia kwa kichwa. Anabonyeza, tarakimu za shilingi zinakimbia, za lita zinajikokota, na kabla sijamaliza kusoma ujumbe mmoja kwenye simu, pampu imekata.

Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona na petroli ikiuzwa Nairobi kwa shilingi 83.33, noti hiyo ilinipa lita 12. Oktoba 2023 bei ilipofika shilingi 217.36, kiwango ambacho hatukuwahi kukiona kabla ya hapo, noti ileile ilinipa lita nne na nusu na matone kidogo. Gari ni lilelile. Safari ya kutoka nyumbani Utawala hadi kazini Upper Hill haikupungua hata mita moja.

Mabadiliko hayo huyajua kila mtu mjini, kwa sababu tumezoea kuyangojea. Tangu Desemba 2010 serikali imekuwa ikiweka bei ya juu kabisa ya mafuta kila mwezi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, ambayo hutoa tangazo tarehe 14 jioni, na bei mpya hushika kuanzia usiku wa manane. Jioni hiyo Nairobi nzima huwa na habari moja: imepanda, imeshuka, imebaki palepale. Kwenye matatu watu hubishana, kwenye makundi ya familia mjomba hutuma picha ya jedwali la bei, na wenye magari hukimbilia vituoni kujaza kabla saa sita haijafika. Kesho yake tunarudi kazini na mjadala unalala mwezi mzima.

Mjadala huo una tarakimu moja tu ndani yake, nami nasema ndiyo maana hautufikishi popote. Gharama ya usafiri wa familia hutokana na tarakimu mbili: bei ya lita, na idadi ya lita ambazo mji unakulazimisha uchome ili ufike kazini, umpeleke mtoto shule na urudi nyumbani. Ya kwanza tunaipigia kelele kila mwezi. Ya pili tumeikubali kana kwamba imeshushwa kutoka mbinguni, ilhali ndiyo iliyotengenezwa hapahapa na sisi wenyewe na wale tuliowapa kura.

Nisieleweke vibaya, ya kwanza si jambo dogo. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi 2013, na tangu hapo kila tone la petroli tunalochoma huja likiwa limesafishwa kwingine. Tangu 2023 tunanunua kwa mkopo kupitia mkataba wa serikali na kampuni tatu kubwa za mafuta, moja ya Saudia na mbili za Falme za Kiarabu. Tunalipa kwa dola. Shilingi ilipodhoofika hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024, tulilipia udhaifu huo kwenye pampu. Iliporudi kwenye 129 au hapo karibu, tulipumua. Juu ya gharama hiyo serikali inaweka mzigo wake. Kuna ushuru wa bidhaa, karibu shilingi 22 kwa lita. Kuna ada ya kutunza barabara, iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024. Kuna shilingi 5.40 za ustawishaji wa petroli. Halafu kuna VAT, ambayo mwaka 2018 ilipangwa kuingia kwa asilimia 16, wananchi wakapiga kelele ikashushwa hadi 8, na 2023 ikarudishwa kwenye 16. Ukijumlisha yote, zaidi ya thuluthi moja ya noti yangu haiingii kwenye tangi langu.

Nimelalamikia ushuru huo na nitaendelea kuulalamikia. Lakini Julai 2025 lita ilipanda kwa shilingi 8.99 kwa usiku mmoja, kutoka 177.32 hadi 186.31, na hakuna diwani wala gavana wa Nairobi ambaye angeweza kuzuia. Bei ya Ghuba haituulizi. Idadi ya lita, hiyo iko mikononi mwa mji.

Mji ulifikaje hapa? Nairobi iliwahi kuwa na mabasi yenye namba, ratiba na vituo. Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza kazi 1934, na kuanzia 1966 baraza la jiji lilikuwa na hisa ndani yake. Wazee wanaokumbuka hukwambia walisubiri basi wakitazama saa, si wakitazama mfuko. Matatu ilikuwapo pembeni, ikibeba watu ambao basi halikuwafikia, kwa nauli ya senti 30 ambayo inasemekana ndiyo iliyoipa jina. Mwaka 1973 Rais Kenyatta akazifungulia njia zibebe abiria bila leseni maalumu. Mwaka 1986 serikali ya Moi ikaleta mabasi ya Nyayo. Hayakumaliza miaka kumi na chochote cha maana. Kampuni ya mabasi nayo ikazidi kudhoofika, ikauzwa, ikauzwa tena. Mimi nazithamini matatu. Zimeubeba mji huu mgongoni wakati serikali imeutua. Ila zilikuja kuziba pengo, na badala ya kuliziba kabisa lile pengo tukalifanya kuwa mfumo.

Wakati huohuo mji ulikuwa ukitambaa kwenda nje. Kijana anayeanza maisha hapati nyumba ya kodi nafuu karibu na kazi, kwa hiyo anasogea Kahawa, kisha Ruiru, kisha Juja. Akipata mkopo wa sacco ananunua ploti ya futi hamsini kwa mia huko Kamulu au Joska au Kitengela, anajenga kidogokidogo, anahamia kabla vigae havijakamilika. Nami nilifanya hivyo. Tulipopiga hesabu ya kodi tuliyookoa, mke wangu na mimi tulifurahi. Hatukuweka kwenye karatasi ile kwamba nauli na petroli ndizo kodi ya pili, na kwamba kodi hii ya pili haina mkataba: inaweza kupandishwa tarehe 14 yoyote.

Kila mji ulipotambaa, jibu la serikali lilikuwa lami. Thika Road ilipanuliwa na kukamilika 2012, na ni kazi nzuri ya uhandisi. Miaka michache baadaye foleni ya asubuhi ilikuwa imeshairudia. Mwaka 2022 ikafunguliwa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikipita juu angani.

Naijua vizuri kwa sababu asubuhi nyingi huwa chini yake. Saa moja asubuhi, Mombasa Road, nguzo zinapita dirishani moja baada ya nyingine polepole hivi kwamba unaweza kusoma matangazo yote yaliyobandikwa. Mbele yangu kuna gari lenye mtu mmoja. Kulia kwangu gari lenye mtu mmoja. Mimi pia niko peke yangu. Katikati yetu kuna matatu ya watu 33 na basi lililojaa hadi mlangoni, na foleni haibagui. Sisi wenye kiti kimoja kimoja tumewazuia wale wenye viti 33 kufika kazini. Injini zote zinanguruma. Mshale wa mafuta kwenye dashibodi hausimami kwa sababu gari limesimama. Ukitaka kutoka hapo, unapanda juu na kulipa; ada iliongezwa Januari 2024 ikafika shilingi 500 kwa safari nzima ya gari dogo. Mwenye gari basi ana hiari ya kuchoma pesa yake chini au kuilipa juu. Abiria wa matatu iliyokwama pale chini hana hiari yoyote, isipokuwa makanga aamue kupanda na kuongeza nauli.

Turudi kwenye matatu, maana hapo ndipo bei ya mafuta inapogeuka kuwa maisha ya watu kwa namna ambayo jedwali la tarehe 14 halionyeshi.

Dereva na makanga wengi hawana mshahara wa mwezi. Mwenye gari anawakabidhi gari alfajiri na jioni anataka hesabu yake kamili. Mafuta ni yao, kuosha gari ni wao, pancha ndogondogo ni zao, na kinachobaki baada ya yote hayo ndicho ugali wa nyumbani. Kwa hiyo mafuta yanapopanda usiku wa tarehe 14, alfajiri ya tarehe 15 hesabu ya mwenye gari haijabadilika hata shilingi. Yaliyobadilika ni mabaki. Dereva atayatafuta mabaki hayo kwa njia chache alizonazo. Atapandisha nauli jioni watu wakiwa wengi stejini na mvua ikinyesha. Atageuza gari katikati ya safari na kuwaambia abiria washuke, kwa sababu upande wa pili kuna watu zaidi. Atakimbia. Atapita kando ya barabara mahali ambapo watoto wa shule wanatembea. Tunamwita mkorofi, na mara nyingine ni mkorofi kweli, lakini mfumo uliomweka pale ungemgeuza mtu yeyote kuwa mkorofi.

Tazama pia stejini. Gari limejaa nusu. Makanga anaita, dereva ameweka gia, anasogea hatua mbili mbele, anarudi hatua mbili nyuma, anasogea tena, ili anayekuja kwa mbali aamini gari linaondoka. Nimeshakaa ndani ya gari la namna hiyo robo saa nzima, injini ikiunguruma, bila kuondoka pale tulipokuwa. Mafuta yale yamelipwa na mtu, na mtu huyo ni abiria. Basi lenye ratiba huzima injini, huwaka saa yake ikifika, huondoka hata likiwa na watu kumi. Sisi tunalipia kila siku mafuta ya kungoja, na kwa miaka yote ambayo tumebishana kuhusu bei sijasikia mtu akitaja hayo.

Nauli ya njia yetu ilipanda 2023 kwa sababu iliyoeleweka. Kufikia Oktoba 2024 petroli ilikuwa imeshuka hadi 180.66. Nauli haikushuka. Haina wa kuishusha, maana hakuna chombo kinachopanga nauli ya matatu kama kinavyopangwa bei ya mafuta. Tarehe 14 ya neema huwafikia wenye magari peke yao.

Na wale wasiopanda chochote? Ukiacha magari, njia kuu ya usafiri Nairobi ni miguu. Karibu watu wanne kati ya kila kumi wanaotoka nyumbani hutembea hadi wanakokwenda, na wenye kutumia gari la binafsi hawafiki wawili katika kumi. Nenda Lunga Lunga Road saa kumi na mbili alfajiri ukaone. Wanatoka Mukuru kwenda viwandani, mto wa watu, wengi wamevaa ndara na viatu vya kazi viko mfukoni, mikebe ya chakula mkononi. Wanatembea kwenye ukingo wa lami kwa sababu nje ya lami ni matope. Lori likija wanajibana wote kwa pamoja kwenye ukuta, bila kugeuka, kwa mazoea, likipita wanarudi. Wengine wametoka Kibera kwa kufuata reli. Hawachomi hata tone la petroli, na bado petroli inawafikia.

Inawafikia jikoni kwanza. Nyumba nyingi katika mitaa hiyo hupika kwa mafuta taa, na Oktoba 2023 mafuta taa yalifika shilingi 205.06 kwa lita Nairobi. Sehemu ya bei hiyo ni tozo ya shilingi 18 iliyowekwa 2018 ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Lengo halikuwa baya, kwani dizeli iliyochakachuliwa huharibu injini. Ila adhabu ya kosa la wenye malori na wenye vituo walitwikwa kina mama wanaopima mafuta taa kwa chupa ya nusu lita. Kati ya mambo yote ya sera ya mafuta hapa kwetu, hili ndilo linalonikera kupita mengine.

Kisha inawafikia kwenye sahani. Mboga za Nairobi hushuka kutoka Kinangop na Limuru kwa lori hadi Marikiti, kisha mitaani kwa gari dogo, mkokoteni au boda. Mama mboga wa mtaani kwetu hakuwahi kupandisha bei ya fungu la sukuma wiki. Shilingi 20 zilibaki 20. Siku moja nilimuuliza mbona fungu limekuwa jembamba hivi. Alilishika mkononi akalizungusha kana kwamba naye analiona kwa mara ya kwanza. "Ni nauli ya gunia kutoka Marikiti, baba," akasema. "Nikipandisha bei hamtanunua, kwa hivyo napunguza majani." Ndivyo mafuta yanavyopanda bei kwa mtu asiye na gari: kwa majani.

Hadi hapa mtu anaweza kuniuliza, na ana haki: kama unajua yote haya, mbona unaendesha? Naendesha kwa sababu nilizozipima, na naona si sawa kuwasuta wenye magari kana kwamba wote wananunua majivuno. Yapo majivuno, ndiyo. Katika mji huu mtu akipata kazi nzuri anaulizwa ananunua gari lini, na mkwe anayekuja kwa boda hupokewa kwa namna yake. Lakini kwa watu wengi ninaowajua gari lilianza siku mtoto alipougua usiku wa manane. Au siku mke alipotoka kazini saa mbili usiku, akashushwa mbali na nyumbani kwenye njia isiyo na taa. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwanamke mwenzao kuvuliwa nguo stejini mchana kweupe. Aliyekuwa na binti siku ile hakusahau. Binti yangu alipoanza sekondari, hoja ya kuuza gari ilikufa nyumbani kwetu bila hata kujadiliwa. Watu hawa hawajachagua gari dhidi ya basi zuri. Wamechagua gari dhidi ya hofu, na bei ya petroli hata ikifika 250 wataendelea kulijaza, watapunguza kwingine.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema bei ikipanda watu wataacha magari. Wataacha waende wapi? Wanaoacha ni wale wa mwisho kwenye foleni, mwenye Vitz kuukuu ya kubebea bidhaa zake sokoni, mwanaboda anayepunguza safari. Na siwaamini vilevile wanaosema dawa ni serikali kurudisha ruzuku. Tuliiona ruzuku 2021 na 2022. Kampuni za mafuta zilidai serikali mabilioni ambayo yalikuwa hayajalipwa, na Aprili 2022 tukapanga foleni za petroli usiku na mchana, vituo vikiwa vikavu. Ilipoondolewa kwenye petroli Septemba mwaka huo, lita iliruka kutoka 159.12 hadi 179.30 mara moja. Tena ruzuku ya lita humpa zaidi anayechoma zaidi. Mwenye gari kubwa linalomeza lita 80 alisaidiwa mara nyingi kuliko mimi na noti yangu ya elfu, na yule wa Lunga Lunga Road hakupata kitu. Ningeulizwa pesa ya umma iende wapi, ningeanza na mafuta taa, kisha njia ya basi.

Njia ya basi si ndoto mpya. Mamlaka ya uchukuzi wa Nairobi na viunga vyake, NaMATA, iliundwa 2017 kwa kazi hiyo. Mpango wake wa mabasi ya mwendo wa haraka una njia tano zenye majina mazuri ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Kwenye Thika Road ilichorwa mistari myekundu kuonyesha njia ya mabasi. Magari ya binafsi yakaendelea kupita juu yake hadi rangi ikafifia. Baadaye vituo vikaanza kujengwa katikati ya barabara ileile, vikafika nusu. Expressway ilianza na kumalizika ndani ya miaka isiyofika mitatu. Tofauti hiyo haitokani na ugumu wa uhandisi, kwa sababu kutenga njia moja ya basi kwenye barabara iliyopo ni kazi ya vizuizi, rangi na askari. Inatokana na nani anasikilizwa. Na ikumbukwe kwamba ile ada ya shilingi 25 ya kutunza barabara hulipwa na kila lita, pamoja na lita zinazochomwa na matatu. Abiria wa matatu analipia barabara. Anastahili njia yake.

Kuhusu umeme nitasema machache. Mabasi ya umeme yalianza kuonekana Nairobi 2022, pikipiki za umeme zimeongezeka, na 2023 ikawekwa bei maalumu ya umeme wa vyombo hivyo, nafuu zaidi usiku. Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa sana ya umeme wetu ni wetu: mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana, jua. Hauji kwa meli wala haulipiwi mafuta ya Ghuba. Kwa hiyo basi la umeme naliunga mkono kwa moyo wote. Gari la umeme la mtu mmoja kwenye foleni ya Mombasa Road litakuwa kimya na bila moshi, na litakuwa limeziba njia vilevile.

Mwezi uliopita niliamua kuacha gari nyumbani kwa wiki moja. Nilipanda matatu hadi Embakasi, nikachukua gari moshi la abiria. Lilijaa. Tulipita Donholm na Makadara tukiwa tumesimama bega kwa bega, nje ya dirisha magari ya Jogoo Road yakiwa hayasogei, na ndani watu wakizungumza kwa utulivu ambao sijauona barabarani kwa miaka. Nilifika stesheni ya mjini mapema kuliko siku zozote za gari. Kasoro yake ni kwamba ukilikosa la asubuhi, umelikosa. Safari ni chache mno. Nauli ya wiki nzima, matatu na gari moshi kwa pamoja, haikufika nusu ya ninachojaza kwenye tangi.

Kutoka stesheni nilipanda kwa miguu kwenda Upper Hill. Sehemu ya kwanza ya Haile Selassie ina njia ya watembeao, nzuri tu. Baada ya kuvuka Uhuru Highway mambo yanabadilika. Kuna mahali njia imekatika kwa mtaro ulio wazi, na mbele kidogo gari lilikuwa limeegeshwa juu ya njia kabisa, pua yake ikigusa ukuta. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja amembeba mtoto mgongoni. Alisimama, akatazama nyuma, akangoja basi lipite, kisha akashuka barabarani, nami nikashuka nyuma yake. Magari yalitupigia honi hadi tukapanda tena.

Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli. Inasema angalau asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi itumike kwa ajili ya wanaotembea, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti hufanyika kila mwaka, na cha wadi yetu nimekuwa nikikikosa kwa sababu huwa niko kwenye foleni. Cha mwaka huu nitahudhuria. Swali langu nimeshaliandika kwenye karatasi ili nisiyumbishwe: ile asilimia 20 ilitumika kwenye barabara gani, na ni mita ngapi?